Msichana wa Kazi wa Mwalimu Mkuu

Katika hoteli tunayofanya kazi wamelala watu wakubwa wengi, na sisi wa chumba cha kufulia tumewajua wote kwa mashuka yao. Yupo aliyepangusia viatu kwa taulo la uso. Yupo aliyekula kitandani, akamwaga mchuzi, akageuza shuka upande wa pili ili lisionekane, kama mtoto. Wakishuka kwenye magari yao pale mbele, meneja anasimama amefumbata mikono. Sisi huku nyuma tunawatia kwenye maji ya moto pamoja na wengine wote. Kwa hiyo mtu akiniambia fulani ni mtu mkubwa, huwa nauliza kwanza nani anamfulia.

Ninayetaka kumwelezea hapa ni mwenzangu wa mashine ya kunyooshea. Tulimwita Pasi, na jina lile lilimkaa mpaka nyumbani kwao, hata mume wake analitumia. Shuka la kitanda kikubwa halilishwi kwenye mashine ile na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe za kulia, mwingine za kushoto, mnalivuta likakaza, mnalipeleka kati ya magogo mawili ya chuma yenye moto, linatokea upande wa pili limenyooka kama karatasi. Watu wawili wakisimama hivyo miaka na miaka bila kuzungumza, ujue wana kesi. Sisi tulizungumza. Mengi ya haya nimeyasikia kwake, mengine nimeyaona mwenyewe maana tunakaa mtaa mmoja, na yaliyobaki nimeelezwa na mume wake, ambaye ni fundi baiskeli na haongezi chumvi kwa sababu maneno yenyewe hana ya kutosha.

Mama yake Pasi alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi tangu sisi tukiwa watoto mpaka tulipopeleka wa kwetu. Mwanamke mwembamba, mgongo wima, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Mtaa mzima ulipita mikononi mwake, na hadi anastaafu yalikuwepo majitu mazima yenye ndevu ambayo yakimwona yanaficha sigara. Yeye aliamini kwamba binadamu wote wanaweza kupangwa kwa namba, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuwaambia mapema wasije wakashangaa baadaye.

Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza kuzaliwa ni Pasi, ambaye darasani alikuwa wa katikati mwaka baada ya mwaka, hapandi wala hashuki, jambo ambalo nalo linahitaji kipaji. Wa pili ni mdogo wake wa kiume, ambaye alikuwa wa kwanza tangu siku aliyoshikishwa kalamu. Huyo akasoma hapa, akaenda kusoma ng'ambo, akarudi injinia wa madaraja, akafanya makazi mji mwingine mbali na kwetu. Sebuleni kwa Mwalimu kulikuwa na picha yake kubwa amevaa kofia ngumu ya kazini, nyuma yake daraja. Picha ya Pasi nayo ilikuwepo, ya harusi, chumbani, nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa inafunikwa. Pasi hakulalamika. Alisema pale hapapigi jua, ndiyo maana haijafifia kama ile nyingine.

Mwalimu alianza kusahau kidogo kidogo. Aliunguza birika. Akaunguza la pili lililonunuliwa badala ya lile. Halafu asubuhi moja alivaa sketi yake ya kazi, akaenda shuleni, akaingia darasa la nne, akaanza kufundisha. Mwalimu aliyekuwa zamu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, kwa hiyo alikaa kimya dawati la nyuma mpaka kipindi kikaisha, ndipo akamsindikiza nyumbani. Alituambia kwamba somo lilikuwa zuri, ila lilikuwa la darasa la saba.

Baada ya hapo Pasi na mume wake walifunga nyumba yao ya kupanga wakahamia kwa Mwalimu. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa, hapakuwa na wa kumuuliza. Pasi aliomba zamu ya alfajiri, ili mchana awe nyumbani. Mume wake alihamishia kibanda chake barazani kwa mama mkwe, matairi, minyororo, beseni la kutafutia tundu na vyote, ili asubuhi asikosekane mtu wa kumwangalia. Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda.

Siku moja Pasi alirudi kutoka kazini, akaingia na kikapu, akamkuta mama yake amesimama jikoni.

"Wewe ndiye uliyeletwa?" mama akauliza.

"Nimeletwa na nani, mama? Ni mimi."

"Wewe nani?"

Pasi akataja jina lake, lile la kuzaliwa. Mama akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, uso ukaanza kubadilika. Akasema binti yake yuko kazini, na kwamba mwanamke huyu amevaa nguo za binti yake, na je, amemfanya nini. Pasi akamsogelea amshike mkono. Mama akakimbilia chumbani, akajifungia, na kutoka ndani alisikika akilia kwa sauti ambayo Pasi alikuwa hajaisikia maishani, ya kitoto kabisa. Ilichukua mpaka jioni kumtoa, na aliyemtoa ni fundi baiskeli, aliyesimama mlangoni akirudia kwamba ni salama, ni salama.

Kesho yake likatokea vilevile. Pasi akajaribu kwa picha, akajaribu kwa upole, akajaribu kumkumbusha habari za nyumba ya zamani. Mama akajifungia tena. Aliponisimulia hayo kwenye mashine, macho yake yalikuwa yamevimba, na mimi nikampa ushauri wa kijinga ambao siuandiki.

Siku ya tatu mama akauliza tena, "Wewe ndiye uliyeletwa?"

Pasi akaweka kikapu chini. "Ndiyo, Mwalimu. Nimeletwa."

"Umechelewa. Kaa hapo."

Akakaa. Mwalimu akavaa miwani, akavuta kiti, akamfanyia usaili.

"Unajua kupika?"

"Najua."

"Unajua kusoma?"

"Kiasi."

Mwalimu akampa gazeti la zamani, akamwonyesha kwa kidole pa kuanzia. Pasi akasoma. Mwalimu alisikiliza amefumba macho, akamsahihisha mara moja tu, kwenye nukta.

"Unasoma vizuri. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Mama yako ni mtu wa maana," Mwalimu akasema. "Utaanza leo. Sukari naijua ilipofika."

Ndivyo Pasi alivyoajiriwa kwao. Mama hakulia tena. Alikula, alilala, alitoa amri. Alimwita "msichana", ingawa msichana mwenyewe alikuwa na wajukuu. Mume wake alipandishwa cheo bila usaili, akawa mlinzi, kwa kuwa alikuwa barazani kutwa nzima. Mwalimu alimwonya mara kadhaa kuhusu tabia ya kutengeneza baiskeli za watu saa za kazi. Fundi alisimama wima akajibu, "Sitarudia, Mwalimu," akangoja aingie ndani, akaendelea na tairi.

Ajira hiyo haikuwa ya kudumu. Mwalimu alikuwa akimfukuza. Kosa likiwa kubwa, kama kuhamisha kopo la sukari au kufungua dirisha bila kuambiwa, alisema, "Chukua vitu vyako uende," na kubishana kungerudisha kile kilio. Kwa hiyo Pasi alichukua vitu vyake, yaani khanga na kikapu, akatokea mlango wa jikoni, akazunguka nyumba, akakaa barazani kwenye boksi la vipuri.

"Wamekufukuza?" mume wake anauliza.

"Nimefukuzwa."

"Mimi nimebakiza onyo moja."

Wanakunywa chai. Baadaye kidogo Pasi anajifunga kitambaa cha rangi nyingine kichwani, anabisha hodi mlango wa mbele, anasema amesikia hapa wanatafuta mtu. Mwalimu anafurahi kuona sura mpya. Anamwambia aliyetoka alikuwa mwizi wa sukari.

Jambo hili lilitusumbua hata kazini. Siku moja mgeni mmoja mzito alikuwa anakuja hotelini na wote tulitakiwa tubaki tupange mstari kumpokea. Pasi akamfuata msimamizi, akamwambia anaomba awahi kuondoka kwa sababu jana kafukuzwa kazi na leo ana usaili. Msimamizi akadhani anatuacha, akaenda kumsemea kwa meneja, na ilibidi mimi nikaeleze. Nilieleza vizuri nilivyoweza. Meneja akasema aende. Yule mgeni mzito mwishowe alilala hoteli nyingine.

Mchana, wakati Pasi akichambua mchele, Mwalimu alikaa mezani akazungumza naye kama mwajiri anavyozungumza na mtu wa nyumbani asiye na kazi ya kusambaza habari. Alimwonyesha picha ya sebuleni.

"Huyu ni mwanangu. Ni mtu mkubwa. Anajenga madaraja."

"Hongera, Mwalimu. Huyo tu?"

"Nina na binti."

"Yukoje?"

Mwalimu akafikiri. "Yupo."

"Anafanya kazi gani?"

"Anapiga pasi."

"Ni kazi nzuri."

"Ni kazi," alisema Mwalimu. Kisha akaongeza, "Haji kuniona. Mtaa mmoja, haji. Sijui nimemkosea nini."

Pasi akaendelea kuchambua. Akasema labda ana shughuli nyingi. Mwalimu akasema kila mtu ana shughuli, na kwamba akimwona amwambie aje. Siku iliyofuata Pasi alipotoka hotelini hakubadilisha nguo. Alikwenda na sare yake ya bluu yenye jina kifuani, akanunua maua ya kupamba meza, akabisha hodi mlango wa mbele kama mgeni. Mwalimu akafungua, akamtazama, akasoma jina lililoandikwa kifuani kwa sauti, silabi kwa silabi.

"Ni jina zuri," akasema. "Binti yangu anaitwa hivyohivyo. Pitia jikoni, umechelewa."

Maua aliyapokea. Alisema yawekwe mbele ya picha ya injinia.

Sasa huyu Injinia. Nisimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu kila Jumapili, alituma dawa, alituma magodoro. Tatizo ni kwamba kwenye simu mama yake alimjua. Sauti ilifika mahali ambapo sura haikufika. Walizungumza vizuri, akamuuliza habari za madaraja, akamkumbusha kula. Kwa hiyo Pasi alipomwambia hali ya mama, Injinia alisikiliza kwa adabu ya mtu asiyeamini. "Dada, mbona mimi ananijua?" Alikuwa anasema hivyo kila mara. Pasi aliniambia wazi kwamba kuna miezi alimchukia. "Hana kosa," alisema, tukivuta shuka. "Nilimchukia tu, kama mtu anavyoumwa jino."

Hatimaye Injinia akaja mwenyewe, bila kutoa taarifa. Gari refu, simu mbili, saa ya mkononi kama sahani ya kikombe. Alipoingia alimkuta dada yake anadeki, na mama yao amesimama juu yake.

"Msichana, kule kona umeruka."

"Narudia, Mwalimu."

Injinia alisimama mlangoni, akapandwa na hasira. Alisema ni mambo gani haya. Alisema dada unamzidishia mama ugonjwa, unamchezea. Akamgeukia mama yake, akamwambia kwa sauti kubwa, kama anayemwambia kiziwi, "Mama, huyu ni binti yako. Ni binti yako wa kumzaa."

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mwanao, mama."

Akamtazama. Akaitazama picha ukutani. Akamtazama tena, bila haraka, kama anayesahihisha mtihani.

"Mwanangu ni mrefu kuliko wewe," alisema. "Na hana kitambi."

"Mama, ni mimi."

"Mlinzi!" Mwalimu akaita.

Fundi baiskeli akaja na mikono yenye grisi. Alimtazama shemeji yake, akamtazama mkewe aliyekuwa bado amepiga magoti na kitambaa cha kudekia, akamtazama mwajiri wake ambaye midomo ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Shemeji," alisema, "tutoke nje kidogo."

Akamshika mkono, akaacha alama nyeusi kwenye koti, akamtoa. Injinia wa madaraja akaenda kukaa ndani ya gari lake, amefunga vioo. Fundi anasema alikaa vile muda mrefu, kisha akamwona anachukua simu. Ndani ya nyumba simu ya mezani ikalia.

Yaliyosemwa tunayajua kwa sababu Mwalimu alizungumza kwa sauti na Injinia alikuja kuyasema mwenyewe.

"Mwanangu," Mwalimu alisema, "afadhali umepiga. Kuna tapeli amekuja hapa sasa hivi akajifanya wewe."

"Alikuwaje, mama?"

"Mfupi. Ana tumbo. Amevaa saa kubwa."

"Amekuogopesha?"

"Kidogo. Lakini mlinzi amemtoa. Na yupo msichana wangu hapa, ameniletea maji. Ni mtu mwema. Ukija umshukuru."

Injinia akauliza, "Na dada?"

"Dada yako haji."

"Anakuja, mama. Anakuja kila siku."

"Utajuaje, na wewe uko mbali?" mama alisema. Kisha akamwambia avae sweta, kwenye madaraja kuna upepo.

Alipokata simu, Injinia akavua koti. Akavua ile saa, akaiweka kwenye droo ya gari. Akamfuata shemeji yake barazani, akamwambia anataka kuingia lakini hajui aingie kama nani. Fundi akafikiri, akamwambia bomba la jikoni linavuja siku nyingi. Akampa spana.

"Hodi," Injinia akasema mlangoni. "Nimeitwa kutengeneza bomba."

"Karibu, fundi," Mwalimu akasema. "Futa miguu."

Kazi ile ilimchukua mchana mzima. Yeye aliyeshika spana mara ya mwisho alipokuwa mwanafunzi alilowa mpaka mgongoni, na Mwalimu alisimama karibu yake akimwambia asimwage maji. Pasi alikuwa upande mwingine wa jikoni anamenya viazi, akimsukumia ndoo kwa mguu pale ilipohitajika. Bomba liliacha kuvuja. Lilianza tena baada ya wiki, lakini siku ile liliacha. Mwalimu alimpa chai kwenye kikombe cha wageni.

"Wewe si fundi hodari," alimwambia, "lakini una adabu. Wazazi wako wako hai?"

"Mama yupo."

"Uwe unakwenda kumwona."

"Nitakuwa nakwenda," alisema Injinia, akainama kwenye chai yake, na Pasi akatoka nje kwenda kumwaga maganda, ambayo yalikuwa machache tu.

Jioni walikaa barazani ndugu wawili, kwenye maboksi ya vipuri. Injinia akamuuliza anawezaje.

"Nawezaje nini?"

"Kusikia hayo kila siku. Kila sifa ni mimi, mimi. Na wewe hata jina huna."

"Kuna siku nachoka," alisema Pasi. "Nikichoka sana nahamisha kopo la sukari. Ananifukuza, napumzika."

Hakuwa anatania. Mdogo wake alicheka, kisha akaona dada yake hacheki, akaacha. Akamwambia yeye anaweza kuleta mtu aliyesomea kazi hii, wa kushinda hapo kutwa. Alitegemea atakataa, nadhani, maana watu wa aina ya Pasi tunawategemea wakatae. Pasi akajibu papo hapo, "Mlete. Mgongo unaniuma."

Basi akaja Mhudumu, mwanamke wa makamo, mtaratibu, mikono yenye nguvu, aliyewahi kulea wazee wengi. Siku ya kwanza alikaa tu, akasuka ukili, akamzoesha Mwalimu sura yake. Siku ya pili Pasi aliporudi kutoka kazini aliwakuta sebuleni, Mwalimu amemshika Mhudumu mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu," alikuwa anamwambia. "Umekuja."

Mhudumu akageuka kumtazama Pasi aliyesimama na kikapu mlangoni. Alikuwa mtu mzoefu lakini hilo hakulitegemea. "Bibi, mimi siyo—" akaanza.

Mwalimu akalitaja jina la binti yake. Lile la kuzaliwa, lote, kama lilivyo kwenye cheti. Pasi alikuwa hajamsikia mama yake akimwita mtu kwa jina lile kwa zaidi ya mwaka.

"Itika," Pasi akamwambia Mhudumu, kwa sauti ya chini.

"Dada, sitaweza."

"Itika. Mwambie umetoka kazini."

Mhudumu akamgeukia Mwalimu. "Abee, mama. Nimetoka kazini."

"Msichana," Mwalimu akamwambia Pasi, macho yanang'aa, "lete chai. Binti yangu amekuja."

Pasi akaenda jikoni. Jikoni na sebule vinatenganishwa na pazia tu. Alitia chai, akawapelekea, akarudi, akaanza kuosha vyombo ambavyo Mhudumu alikwisha kuviosha. Mwalimu alikuwa anazungumza. Alimuuliza Mhudumu kama pasi bado zinamchoma vidole. Akamuuliza mume wake hajambo. Kisha akashusha sauti kidogo.

"Ile siku darasani," alisema. "Darasa zima lilipiga kelele, nikakuchapa wewe peke yako. Wewe hukuwa umesema kitu. Niliogopa watu watasema napendelea."

Mhudumu alilitazama pazia.

"Hukulia. Ulinitazama tu, ukarudi kukaa. Mimi ndiye niliyekwenda ofisini nikalia. Nilitaka kukuambia siku ileile. Halafu nikaona kesho. Halafu ukawa mkubwa."

Pasi alikuwa ametokeza kwenye pazia, sahani mkononi, maji yanachuruzika sakafuni. Mhudumu akamwangalia, anangoja aambiwe. Pasi akatikisa kichwa kuashiria ndiyo, akasema bila sauti, kwa midomo tu.

"Yameisha, mama," Mhudumu akasema.

"Yameisha?"

"Yameisha kabisa."

Mwalimu akashusha pumzi, akaegemea kiti, akaanza kunywa chai. Alisema sukari imezidi.

Kesho yake kwenye mashine Pasi aliniingizia shuka upande, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, likajikunja kwenye magogo ikabidi tuzime mashine. Tukiwa tumekaa tunangoja ipoe ndipo aliponisimulia. Nilimuuliza alijisikiaje.

"Nilifurahi kwamba limesemwa," alisema. "Na nilitamani kummwagia yule Mhudumu maji ya vyombo. Nilimchukia mpaka saa ya chai."

"Halafu?"

"Halafu nikamkatia mkate. Alikuwa anatetemeka, masikini. Alisema amepokea kitu kisicho chake. Nikamwambia amejibu vizuri."

"Wewe ungejibu vipi?"

"Vilevile," alisema. Akalishika shuka upande wake, akaniashiria nishike wangu.

Toka siku hiyo mpango ukawa huo. Mhudumu alikuwa binti, na Pasi ndiye aliyemfundisha kazi hiyo: mjomba fulani alikuwa nani, kwa nini kidole hiki kina kovu, wimbo gani waliimba wakifua. Mhudumu alikuwa mwanafunzi mzuri. Injinia alikuja kila mwezi, akabisha hodi, akaingia kama fundi. Alitengeneza bawaba, soketi, mguu wa meza. Kwa upande wa mikono aliendelea vizuri. Mwalimu alimwambia siku moja kwamba akijitahidi anaweza kuwa wa tatu. Jumapili alikuwa mwanawe, kwa simu. Mara moja alikosea akapiga simu akiwa chooni humohumo ndani ya nyumba, na Mwalimu akamwambia leo unasikika kama uko karibu.

Mwalimu alifariki asubuhi, msimu wa mvua, kitandani kwake. Pasi alikuwa amekaa pembeni anampaka mafuta miguuni. Maneno ya mwisho yalikuwa ya kikazi. Alimwambia apake na kisigino, watu wengi husahau kisigino. Alipaka.

Msibani walijaa watu. Majitu yale yenye ndevu yalibeba viti. Injinia alipewa nafasi ya kuzungumza, na aliyemkaribisha alitumia muda mrefu kutaja madaraja yake. Yeye mwenyewe alisema maneno machache. Alisema mama yake alikuwa na mtoto mmoja mkubwa, na kwamba mkubwa huyo ni dada yake. Watu wakaitikia kwa vichwa, wakidhani anataja umri.

Baada ya maziko, bibi mmoja mwenye fimbo, mwalimu mstaafu aliyefundisha hesabu pamoja na marehemu, aliwakuta Pasi na mdogo wake wamesimama karibu na mlango. Aliwapa pole. Kisha akauliza yule msichana wa kazi yuko wapi.

"Yupi?" Injinia akauliza.

"Marehemu alikuwa akinisifia kwenye simu. Alisema amepata mtu ambaye hajapata kumwona mfano wake, mvumilivu, msafi, na anasoma vizuri. Nami niko peke yangu, nilitaka nimchukue."

Injinia akafungua mdomo. "Shangazi, huyo msichana ni—"

Pasi akamgusa mkono. "Ameshapata kazi kwingine," alisema.

"Hasara yangu," bibi alisema. Akamtazama Pasi vizuri zaidi, akainua mkono akamshika bega. "Na wewe ndiye binti? Pole sana, mwanangu. Aliniambia siku za mwisho ulikuwa unakuja."

"Ndiyo," Pasi alisema. "Nilikuwa nakuja."

Akamtafutia bibi kiti, akakifuta kwa khanga yake, akamkalisha. Kisha akaniita mimi, akaniambia kuna watu wa ukoo wametoka mbali na hawajapewa chai, na vikombe havitoshi, kwa hiyo nioshe hivi huku yeye anakusanya vile.